Korongo wa Ghorofa ya Nane

Kisu kilishuka, kikagusa ubao, kikaanza kutoa sauti nyembamba ya mfululizo, kama birika linalokaribia kuchemka.

Korongo alikuwa ameijaza sebule nzima. Miguu yake sita ya mabomba membamba ilikuwa imetanda, minne kwenye pembe za chumba na miwili katikati. Daraja lake lilivuka kutoka ukuta huu hadi ule, na chini ya daraja hilo kichwa kilichobeba kisu kiliteleza mbele na nyuma juu ya pande la mbaochuma, yaani mbao iliyopikwa na kukandamizwa hadi ikawa ngumu kama chuma. Pande lenyewe lilikuwa pana kuliko kitanda cha maharusi. Unga wa kahawia ulidondoka sakafuni, na ndani ya pande lile gurudumu lilikuwa likijitokeza kidogo kidogo. Hakuna mkono wa mtu uliogusa chochote. Injinia Sechelela Chiduo alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, kikombe cha chai mkononi, anatazama tu.

"Habari za kazi, Korongo?" aliuliza.

"Nzuri, dada," Korongo alijibu kwa sauti yake ya bati. "Ila sakafu kidogo."

"Hiyo nimeshaisikia. Fidia, uendelee."

"Nafidia."

Msomaji ayashike maneno hayo, maana Injinia mwenyewe hakuyashika.

Mashine ya namna ile iliitwa mchongatarakimu. Huchonga kwa kufuata namba badala ya jicho la mtu: ukiipa namba za kijiko inakupa kijiko, ukiipa namba za kiti inakupa miguu ya kiti. Dodoma ya miaka ile watu wachache walizikumbuka mashine hizo, kwa sababu kulikuwa na Karakana Mama. Karakana Mama ilikuwa nje ya mji, kubwa kama mji wenyewe, na ilitengeneza kila kitu kuanzia sindano hadi chombo cha kwendea mwezini. Ukitaka kitu ulikitamka tu nyumbani kwako, na roboti mchukuzi akakufikishia mlangoni kabla chai haijapoa. Tatizo lake lilikuwa moja. Ilitengeneza kile inachokijua, na Jengo la Zabibu haikulijua.

Jengo la Zabibu lilikuwa na ghorofa nane na umri wa kuitwa babu. Lilijengwa enzi za pupa, mji ulipokuwa ukiota majengo kama uyoga, na lifti yake ilitoka kwenye kiwanda kilichokufa zamani. Siku kapi kuu lilipopasuka, lile gurudumu la juu kabisa linalobeba kamba za chuma, Karakana Mama ilijibu kwa adabu kwamba kifaa hicho hakipo duniani. Haikupita muda likaja agizo la jiji: nyumba ya ghorofa isiyo na lifti ifungwe mvua zikikatika, na wakazi wake wahamie minara mipya ya vioo.

Wengi walishangilia, wakafunga virago. Bi Perisi, mama yake Sechelela, hakushangilia. Alikaa ghorofa ya nane, magoti yake yalikuwa yameziasi ngazi, na tangu lifti ife hakuwa amekanyaga ardhi. Kila Jumapili alivaa sare ya kwaya, akakaa barazani juu kule, akaimba sauti ya pili peke yake huku kanisa likiimba bila yeye mtaa wa tatu.

"Mimi sihami," alimwambia binti yake. "Baba yako alinitoa kwetu akanileta humu. Wewe umezaliwa humu, na yeye kaondokea humu. Leo nikalale kwenye chupa, nilishwe uji na bati? Thubutu!"

"Mama, wakija kufunga tutafanyaje?"

"Si wewe injinia? Tengeneza lifti."

Sechelela alikuwa injinia kweli. Alifanya kazi Karakana Mama hadi karakana ilipojifunza kujitengeneza yenyewe, ikamuaga kwa keki na wimbo. Nyumbani alikuwa na mchongatarakimu mdogo wa ukubwa wa meza ya chai, aliokuwa akichongea vijiko na vitana. Kapi la lifti lilikuwa pana kuliko mashine nzima. Alijaribu kulichonga vipande vipande na kuviunga, lakini kila alipounga gurudumu lilitoka na nundu, na kamba ya lifti haipendi nundu. Akaona hana ujanja: lazima ajenge mashine kubwa. Sasa chuma cha fremu kingetoka wapi, wakati Karakana Mama haimpi mtu chuma kibichi?

Jibu alilitoa Hamza Shomvi, muuza mishikaki wa pale chini, mtu ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Alipanda ngazi zote nane akihema, akagonga ukuta kwa kiganja.

"Injinia, unalia njaa umekalia gunia la mchele. Humu ndani mna nini?"

Ndani ya ukuta mlikuwa na mabomba ya nyaya. Zamani umeme ulisafiri kwa waya, na waya ulipitishwa ndani ya mabomba membamba ya chuma yaliyofukiwa kwenye kuta na dari. Tangu ulipokuja umeme-anga, ambao husambaa hewani kama joto la jiko, mabomba yale yalibaki humo bila kazi.

Walianza na nyumba zilizohamwa za ghorofa ya nane na ya saba. Shomvi alipasua lipu kwa patasi, Sechelela akavuta. Mabomba yalitoka mengi ajabu. Yalitoka kwenye kuta, yakatoka juu ya milango, yakatoka ndani ya mihimili, mengine yakiwa yamelazwa mawili mawili sambamba. Mengi hayakuwa na hata uzi mmoja wa waya ndani yake.

"Mkandarasi wa jengo hili alikuwa mkarimu, jamani," Shomvi alicheka. "Kaweka mabomba hadi pasipo na taa! Mungu amrehemu."

"Amina," alisema Sechelela. Alikuwa na furaha ya mtu aliyechimba choo akakuta almasi. Hakuuliza bomba lisilo na waya lilikuwa linafanya nini ndani ya mhimili.

Mashine ndogo ikaizaa kubwa. Ilichonga viungo vya pembe, ilichonga magurudumu ya kutelezea, ilichonga hata vishikio vya kisu. Bomba tupu hutetemeka, na kisu kikitetemeka kazi inaharibika. Kwa hiyo Sechelela aliyajaza mabomba mchanga mkavu wa mtoni uliochanganywa na gundi, moja baada ya jingine, mpaka yakawa mazito ya kuvunja mgongo. Alipoyasimamisha, Shomvi aliizunguka mashine mara mbili.

"Huyu ni korongo," alitangaza. "Mwili hamna, miguu tu."

"Korongo gani ana miguu sita?"

"Wa kisasa."

Jina likakwama. Sechelela alimpa Korongo akili ya kupima, ubongo wa ukubwa wa kopo la maziwa, na jicho la mwanga alilolifunga kwenye ukuta wa sebule unaopakana na shimo la lifti. Jicho lile lilitazama alama zilizopakwa kwenye mashine, na kila asubuhi Korongo alijikagua kabla ya kushika kazi. Asubuhi ya kwanza alifungua kinywa chake cha bati, akasema, "Alama ya katikati imeshuka. Sakafu inainama."

Bi Perisi alikuwa ameletwa kwenye kiti chake cha magurudumu kuja kumwona mgeni. Akashtuka.

"Huyu kalelewa wapi? Hata shikamoo hamna, anaanza na msiba!"

"Ni mashine, mama."

"Mashine inayosema ina mdomo, na mdomo una adabu zake. Wewe Korongo, sikiliza. Mtu akikuuliza habari, unasema nzuri. Hata kama nyumba inawaka, unasema nzuri kwanza. Halafu ndiyo unasema ila. Na hilo la baada ya ila ulipunguze, usimtupie mwenzio gunia zima kichwani. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama," alisema Korongo. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Habari za asubuhi?"

"Nzuri, mama. Ila sakafu kidogo."

"Haya! Si unaona?" Bi Perisi alimgeukia binti yake kwa ushindi, na wao wawili na Shomvi wakacheka. Tangu hapo kila aliyepita alimsalimu Korongo kwa ajili ya kusikia jibu lake tu.

Ama kuhusu sakafu yenyewe, Sechelela hakujali, na hakukosa sababu. Kila aliyewahi kujenga mashine ya mabomba anajua kwamba bomba refu hupinda tumboni. Ukilirefusha mara mbili, halipindi mara mbili. Linapinda mara nane. Alama ya katikati ikishuka, ama bomba limepinda, ama sakafu iliyo chini yake. Injinia gani angeishuku sakafu ya zege iliyobeba familia miaka yote hiyo, aliache bomba jembamba alilolivuta ukutani kwa mkono wake? Akamwamuru Korongo afidie, yaani ahesabu alama imeshuka kiasi gani na akiinue kisu kwa kiasi hicho hicho, gurudumu litoke sawa. Korongo alifidia. Kesho yake alama ilishuka tena, akafidia tena.

Mambo mengine yalitokea, kila moja na maelezo yake. Mlango wa chooni kwa Bi Perisi ulianza kugoma. Sechelela akasema ni unyevu wa masika, akaupiga randa. Mama akalalamika kwamba uji unalala upande mmoja wa bakuli; Sechelela akaweka kipande cha kadibodi chini ya mguu wa meza. Ufa ukatokea juu ya dirisha la sebule ya Korongo. Shomvi aliuziba kwa chokaa na gundi, akausugua ukapotea kabisa, akarudi nyuma kuitazama kazi yake.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema kwa maringo.

"Wewe na methali zako. Nenda kageuze mishikaki, inaungua."

Kapi lilikamilika Ijumaa. Lilikuwa zuri kiasi kwamba Sechelela alipitisha kiganja chake juu ya mfereji wa kamba na machozi yakamtoka, naye si mtu wa machozi. Wanaume wa ghorofa za chini walilipandisha kwenye chumba cha juu ya shimo la lifti kwa magogo na kelele. Wakaijaribu lifti kwa magunia ya mchanga, ikashuka na kupanda bila kukohoa. Mkaguzi wa jiji, roboti mwenye macho manne, alikuja, akaipanda, akaipa kibali. Hakuombwa kukagua kingine. Jengo la Zabibu lilikuwa limepona, na Jumapili Bi Perisi angeenda kwaya.

Jumamosi asubuhi Sechelela alianza kumfungua Korongo, nyumba irudi kuwa nyumba. Alilifungua daraja kwanza, yeye na Shomvi wakalilaza sakafuni karibu na ukuta. Lile ndilo bomba refu kuliko yote, na baada ya kazi nzito namna ile alitaka kuona limepinda kiasi gani. Haikuwa lazima, ni udadisi wa mtu anayependa kitu chake. Aliazima uzi kwenye kikapu cha mama yake cha kushonea, akaufunga upande mmoja wa bomba, akauvuta hadi upande wa pili.

Uzi ulilala juu ya bomba mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na upenyo wa kupitisha hata ukucha.

Aliligeuza bomba upande mwingine akapima tena. Lilikuwa limenyooka. Akapima mabomba ya ubavuni, nayo yalikuwa yamenyooka. Sechelela aliuweka uzi chini. Alichomoa gololi moja kutoka kwenye gurudumu la kutelezea, akaiweka sakafuni karibu na ukuta, akaiachia.

Gololi ilisita, ikaanza safari. Ilibingirika yenyewe, ikashika kasi, ikafika katikati ya sebule, ikazungukazunguka pale na kutulia.

"Hiyo imekuwaje?" aliuliza Shomvi.

Sechelela aliligeukia kopo la ubongo lililokuwa bado limefungwa ukutani. "Korongo. Tangu tuanze kazi, jumla umefidia kiasi gani?"

"Vidole vinne, dada."

"Vidole vinne! Na hukusema?"

"Nilisema kila siku, dada."

"Ulisema kidogo!"

"Mama alinifundisha hivyo," alisema Korongo.

Sechelela alichukua patasi, akaenda kwenye mhimili wa juu ya mlango, pale walipovuta mabomba mawili sambamba. Alichimba zaidi ya walipokomea. Alikuwa anatafuta nondo, zile fito nene za chuma zinazofukiwa ndani ya zege ili zege lisipasuke. Alichimba mpaka mkono ukaingia hadi kiwiko. Kulikuwa na zege, na njia mbili tupu za mviringo mahali mabomba yalipokuwa, basi. Yule mkandarasi mkarimu alikuwa ameziuza nondo, akafukia mabomba ya bei rahisi mahali pake. Mabomba hayakuwa nondo, lakini yalijitahidi, yakalishikilia jengo miaka yote hiyo. Kisha binti wa nyumba akaja akayachomoa moja moja, akayajaza mchanga, akayasimamisha juu ya sakafu ile ile aliyoinyang'anya mifupa.

"Shomvi," alisema. "Shuka ukatoe watu wote. Usipige kelele, usiwaruhusu wabebe makabati. Waambie watoke tu."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Hamza Shomvi aliondoka bila kusema neno.

Bi Perisi alikuwa chumbani kwake, amelaza sare ya kwaya kitandani, anaipiga pasi ya kesho. Sechelela alipiga magoti mbele yake, akamweleza yote. Hakusema nzuri kwanza. Mama alisikiliza hadi mwisho, mkono wake ukiwa juu ya pasi.

"Kwa hiyo mlango wa chooni haukuwa unyevu."

"Hapana, mama."

"Na hiyo lifti umenitengenezea ya kuondokea."

Sechelela alilia kama mtoto, uso wake kwenye mapaja ya mama, na mama akamwachia alie kidogo, si sana. Halafu akamgonga bega. "Basi. Nivalishe. Mimi sishuki na kanga ya ndani mbele ya watu."

Shimo la lifti lilijengwa na mafundi wa kiwanda cha lifti, na Sechelela alilichimba sehemu mbili kuhakikisha: mlikuwa na nondo halisi. Lifti ingebeba watu salama. Alimwacha Korongo ukutani kwa sababu ni yeye peke yake aliyeweza kuiona sakafu ikienda. "Usifidie tena," alimwambia. "Niambie wazi, kupitia simu." Korongo akawa anamwambia wazi: ukucha mmoja, ukucha mwingine. Wazee walishuka kwa lifti, wenye miguu wakashuka kwa ngazi. Kapi la mbaochuma lilizunguka kimya huko juu, bila nundu hata moja, na mzee mmoja alisema hajawahi kupanda lifti laini namna ile.

Bi Perisi alishuka wa mwisho, kwenye kiti chake, amevaa sare ya kwaya siku ya Jumamosi. Mlango ulipofunguka chini aliomba asimamishwe. Wakamshika huku na huku, akavua kiatu kimoja, akakanyaga udongo mwekundu kwa unyayo mtupu.

"Bado upo," aliuambia udongo.

Walikusanyika ng'ambo ya barabara, chini ya kibanda cha Shomvi, watu na mabegi yao na kuku mmoja. Jengo la Zabibu lilisimama vile vile kama siku zote, madirisha wazi, pazia moja likipepea, hata baadhi wakaanza kunung'unika kwamba Injinia kawatoa bure. Sechelela aliitazama ghorofa ya nane.

"Kopo lenyewe naweza kulifungua upesi," alisema. "Napanda mara moja, nashuka."

Mama alimshika mkono kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua kwamba bado anazo. "Nimepoteza nyumba. Usinizidishie. Hebu nipe hiyo simu."

Akaishika kwa mikono miwili, karibu na mdomo, kama wazee wote wanavyoshika simu.

"Korongo, mwanangu. Habari za huko juu?"

"Nzuri, mama," Korongo alijibu, kwa sauti ile ile ya bati, kwa adabu ile ile. "Shikamoo."

"Marahaba."

"Ila," alisema Korongo.

Pazia liliingia ndani. Kisha madirisha yote ya ghorofa ya nane yakatoa vumbi kwa pamoja, ya saba yakafuata, na sauti ikaja baadaye kidogo, nzito, ikatikisa sinia za Shomvi. Kuku akaruka. Vumbi lilivuka barabara likawafunika wote, na lilipotulia walionekana weupe kama watu waliopakwa unga, na mnara wa lifti ulikuwa umesimama peke yake, mwembamba, kapi lake likiwa bado juu.

Bi Perisi hakuwa ameishusha simu. Aliisogeza sikioni, akasubiri.

"Ila nini?" aliuliza. "Korongo. Ila nini?"